Bukini Aende Mazishini?

Mpendwa Shangazi Myrtle, naomba msaada wako, na tafadhali usianze kucheka mpaka ufike mwisho, maana kila ninayejaribu kumweleza jambo hili hucheka nikiwa bado katikati, halafu akiona machozi yananilenga anakohoa na kuniuliza habari za hali ya hewa.

Mchana napokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na Jumamosi mimi ni bata bukini, yaani ndiye ninayevaa mavazi ya mnyama wa timu. Timu yetu ya hoki ya barafuni ni ya kulipwa, ingawa si ya ile ligi kubwa ya kwenye televisheni, wachezaji wetu ni wale wanaopanda kwenda juu au wanaoshuka kurudi chini, na tangu kiwanda cha karatasi kifungwe hapa mjini hatukubakiwa na mengi ya kujivunia isipokuwa ziwa, baridi, vijana hao, na Gaston, bukini wetu mwenye shingo ndefu kupita mlango, ambaye huingia barafuni na viatu vya kuteleza, akampa refa mgongo, akapiga ngoma, akawarushia fulana watu wa viti vya juu, na watoto wanampenda kuliko mchezaji yeyote kwa sababu wachezaji huuzwa wakaondoka na Gaston hauzwi.

Ndani ya Gaston, tangu mimi nikiwa mtoto wa shule ninayemshangilia bila kujua, alikuwa Mzee Veikko. Alikuwa mstaafu wa kile kiwanda, Mfini wa watu, mkimya, mabega mapana kama kabati la vyombo, na goti lake lilipoanza kumsumbua klabu ikatafuta mtu wa kumpokea siku za maumivu, mtu anayejua kuteleza na anayejua kufunga mdomo, nikapatikana mimi. Alinifundisha misimu miwili, tukiwa peke yetu uwanjani, yeye amekaa kwenye benchi la wachezaji na chupa yake ya kahawa.

"Binti, unakimbia," aliniambia siku ya kwanza. "Bukini hakimbii. Bukini anadai njia. Umewahi kumwona bukini barabarani akakuomba radhi?"

"Sijawahi, mzee."

"Basi tembea kama barabara ni ya mama yako."

Alinifundisha masharti ambayo kila avaaye mnyama wa timu anayajua, kwamba Gaston hasemi hata akikanyagwa, kwamba kichwa hakivuliwi mahali penye macho ya watu, na kwamba aliye ndani hatajwi, hata kwa jirani, hata kwa mchungaji. Halafu aliongeza moja la kwake mwenyewe. "Wanaoshangilia wana raha zao tayari, hawakuhitaji. Wewe mtafute aliyekaa kama ameletwa kwa kuburutwa. Mkalie karibu. Usimchekeshe, mkalie tu." Mimi niliona huo ni uvivu wa mtu mwenye goti bovu, lakini nilimwitikia.

Januari Mzee Veikko alitoka asubuhi kuzoa theluji mbele ya gereji yake, na mkewe, Mama Irja, akamwona kupitia dirisha la jikoni amekaa juu ya lile tuta la theluji, akadhani anapumzika, akaenda kumwekea kahawa nyingine. Alipotoka nayo mzee alikuwa ameshafariki pale pale alipokaa.

Ibada ikapangwa Jumamosi mchana, saa ile ile ya mechi ya wanafunzi, ambayo kila mwaka shule zote za huku huleta watoto kwa mabasi. Nilimpigia simu Bwana Purcell, meneja wa uwanja, nikamwomba ruhusa.

"Bukini hafi, Odette," akanijibu. "Mtu amekufa, Mungu amrehemu, nilimpenda kuliko unavyofikiri. Ila bukini hafi. Watoto wakiingia pale Gaston asiwepo, wataanza kuuliza, na mimi sitaki kuwa mtu wa kuwajibu."

Tena Bwana Purcell alimwomba Mama Irja kwamba tangazo la kifo gazetini lisimtaje Gaston, na Mama Irja akakubali, kwa hiyo tangazo likasema marehemu alikuwa mfanyakazi mwaminifu wa kiwanda na mpenzi wa uvuvi, kwa sababu ndivyo wanavyoandikiwa wanaume wote wa hapa, na Mzee Veikko, Shangazi, alikuwa hawezi hata kumtazama samaki akitolewa ndoana. Saa ambayo walikuwa wanamwombea kanisani mimi nilikuwa ndani ya manyoya yake, yenye harufu yake ya kahawa na ya dawa ya kuchua goti, napiga ngoma mbele ya watoto wanaopiga mayowe, na sikulia, kwa sababu mtu wa Gaston anaonea kupitia kijiwavu kilicho shingoni, na ukilia humo kijiwavu kinashika ukungu na huoni unakoteleza.

Jumamosi iliyofuata, Mama Irja alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni karibu na lango la barafuni. Nilimwona nikapoteza mwendo. Ngazi za Gaston zinapita pale pale, hakuna njia nyingine, na nilipomfikia alisimama, akanivuta, akauzamisha uso wake kwenye manyoya ya kifuani.

"Veikko," akasema, "umechelewa."

Ningefanya nini? Gaston hasemi. Nikamfunika kwa mabawa, nikasimama hivyo mpaka muziki wa kipindi cha pili ukaanza.

Tangu hapo hakukosa mechi ya nyumbani hata moja. Kila mapumziko ananikumbatia na kunipa habari, kwamba bomba la chini limeganda na fundi ni mvivu, kwamba jiko la sauna, kile chumba chao cha mvuke, linatoa moshi, kwamba Tarja binti yao amepiga simu na wamegombana tena, kwamba kitanda ni kikubwa mno siku hizi. Kisha ananitia mkate ndani ya bawa, ule mkate mtamu wa iliki wa Kifini wanaouita pulla, kama alivyokuwa akimtilia mumewe. "Kula," ananiambia, "umekonda." Nami naula katika chumba cha kubadilishia nguo nimekaa na miguu yangu ya mpira, ni mtamu kupita kiasi, na kila tonge najiona mwizi anayekula kwenye sahani ya marehemu.

Mwezi wa pili bawa moja lilichanika, na mavazi ya Gaston yakapelekwa kwa Mama Irja, kwa kuwa ndiye aliyeyashona tangu mwanzo na ndiye anayeyatengeneza siku zote. Nilidhani hatayarudisha. Aliyarudisha yamefuliwa, bawa limeshonwa, na ajabu ni kwamba yalikuwa yananikaa vizuri, maana kabla ya hapo mabega yalikuwa yananing'inia hadi viwikoni na nilikuwa nakunja miguu ya suruali kwa pini, nikafikiri ameyafua kwa maji ya moto yakapungua, nikashukuru Mungu nikaendelea na kazi.

Sasa ndiyo tatizo lenyewe. Mechi ya mwisho ya nyumbani, mwezi huu, Mama Irja alinishika mdomo wa Gaston kwa mikono miwili, akauinamisha mpaka paji la uso wake likaugusa.

"Ardhi imeanza kulainika, Veikko," akasema. "Wamesema Jumamosi ya pili ya Mei. Tunakuzika asubuhi. Uje. Usivae ya kanisani, uje hivi hivi."

Unajua mwenyewe mambo ya huku kaskazini, Shangazi, anayekufa wakati wa baridi anasubiri katika chumba cha mawe pale makaburini mpaka ardhi iweze kuchimbwa, na jeneza la Mzee Veikko limo humo tangu Januari. Nilitikisa kichwa kumkubalia. Sijui kwa nini nilikubali. Shingo ile ni ndefu, ukiitikisa kidogo tu inaonekana umekubali sana.

Kumbe Tarja alikuwa amekaa nyuma yake siku hiyo. Yeye anaishi Toronto, alikuwa amekuja kumwangalia mama yake, na baada ya mechi akaja mpaka kwenye ujia wa chumba cha kubadilishia nguo, akanikuta kichwa nimekiweka kwenye kiti.

"Ni wewe basi," akasema.

"Pole sana na msiba, dada."

"Usiniite dada. Mama yangu anaongea na bata mbele ya umati. Majirani wananiuliza kama yuko sawa kichwani, na mimi sina la kuwajibu."

"Mimi huwa simwambii chochote."

"Ndiyo ninachosema. Ungefungua mdomo mara moja tu, ingekwisha." Akafuta machozi kwa mkono wa koti. "Siku ya mahafali yangu baba alikuwa hapa na hiyo miguu ya mpira. Harusi yangu tuliisogeza mbele kwa sababu timu iliingia mtoano. Watu walipokuwa wananiuliza baba yako yuko wapi, sikuruhusiwa hata kusema yuko wapi. Alizikwa ndani ya hayo manyoya angali hai, na nakuomba, nakuomba kwa heshima, usije kumzika nayo tena."

Nilimsogelea nimkumbatie, ndivyo nilivyozoea sasa, mtu akilia nafungua mabawa. Akarudi nyuma. "Usinikumbatie na hilo," akasema, akaondoka.

Na Bwana Purcell naye habari zikamfikia, nadhani kupitia kwa Tarja mwenyewe, akaniita ofisini. "Gaston haendi makaburini," akaniambia. "Mtu mmoja akipiga picha, Jumatatu kila mtoto wa mji huu anamuuliza mama yake nani amekufa. Ukienda na kichwa kile, usirudi nacho."

Shangazi, sasa nifanye nini? Nikienda kama Gaston, namwaibisha Tarja kwenye kaburi la baba yake na kazi sina, na kazi hii, usinicheke, ndiyo pekee duniani ambayo nikiingia mlangoni watu husimama kwa furaha. Nisipokwenda, namwona Mama Irja pale kaburini akitazama lango na kusubiri, na nilimwahidi. Na nikienda na sura yangu hii, mama yule ataona kwa macho yake kwamba mle ndani hamna Veikko, kwamba muda wote huo alikuwa anamkumbatia karani wa daktari wa meno, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua mumewe mara ya pili. Silali vizuri. Naomba unijibu kabla ya Mei.

Ni mimi,
Niliye Shingoni


SHANGAZI MYRTLE ANAJIBU

Uliye Shingoni, mwanangu, majina yote nimeyabadilisha ulivyoomba na mji nimeufuta. Ndege nimemwacha, na atakayedhani amemjua afunge mdomo wake kama mlivyofundishwa ninyi kufunga wenu. Kucheka nilicheka mara moja, kwenye miguu ya mpira, kisha nikaiweka barua yako mezani nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Nianze kwa kukugombeza, halafu tutapatana. Unaandika kurasa nzima ukimhurumia mama wa watu kana kwamba ni mtoto asiyejua ndani ya mdoli mna pamba. Umri wako na akili zako, unaamini kweli nguo ilipungua kwa maji ya moto? Nimeshona nguo za nyumba yangu maisha yangu yote. Nguo ikipungua, inapungua yote. Haichagui mabega na miguu ikaacha shingo na mabawa vilevile. Yule mama alikaa chini na sindano, akafumua mabega ya mumewe, akayashona upya kwa kipimo chako. Hebu tulia ufikirie hiyo ni kazi gani kwa mjane, kukata kipimo cha mume aliyelala naye maisha yote na kuweka cha mtu mwingine. Na kipimo chako alikipata wapi, wakati hajawahi kukuona? Alikipata mikononi. Kila Jumamosi alipokukumbatia alijua anamkumbatia msichana mwembamba, akakuambia waziwazi kwamba umekonda, akakutilia mkate. Mkate ule ulikuwa wako. Hukuwahi kuiba hata tonge moja.

Tena niambie, ni mke gani humpa mumewe tarehe ya mazishi ya mumewe kama hajui kwamba amekufa? Anajua. Alijua kabla yako, alijua tangu aliposhika kile kikombe cha kahawa pale nje. Anachokosa ni mahali pa kusemea. Kanisani walimwombea mvuvi ambaye hakuwahi kuwepo. Majirani wakimsikia akilitaja jina la Veikko wanamwona hayuko sawa kichwani. Binti yake akilisikia anawaka. Mahali pekee katika mji mzima alipoweza kusema "Veikko" na asijibiwe ujinga ni kwenye kifua cha bata asiyesema. Wewe unadhani ulikuwa unamdanganya, kumbe ulikuwa unamsikiliza, na watu wanaojua kusikiliza bila kutia neno ni wachache mno. Mimi mwenyewe simo, ndiyo maana nina safu gazetini.

Nikuambie jambo ambalo wasomaji wangu wengine hawalijui. Mwaka niliomzika mwanangu Leland, dada yangu alinitoa nyumbani kwa nguvu akanipeleka kwenye hoki, na nilimchukia kwa hilo tangu tulipoegesha gari. Timu ya kwetu mnyama wake alikuwa dubu, mkubwa, mwenye ngoma na kofia ya hovyo, mimi nikimwona hivi nasema huyu ni mwanamume mzima anayekataa kukua. Watu wote walisimama kushangilia, mimi nimekaa na koti langu. Yule dubu akapanda ngazi. Nikajiambia akinipigia ngoma masikioni nitampiga na mkoba. Hakupiga. Aliiweka ngoma chini, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yangu, mikono yake juu ya magoti, akatazama barafu pamoja nami mapumziko yote, na watoto walipomwita alipunga mkono mmoja bila kuinuka. Sikulia siku ya mazishi, Uliye Shingoni. Nililia pale, nikiwa nimeegemea bega linalonuka jasho la mwanamume nisiyemjua. Wengine watakuambia hao wanyama ni wa kuuzia fulana na kuwanyamazisha watoto. Waambie waje waniulize mimi.

Mpaka leo sijui aliyekuwa ndani ni nani. Huenda amekufa na tangazo lake likasema alipenda uvuvi, nami nikalisoma nikinywa chai, nikafungua ukurasa mwingine.

Kwa hiyo sikiliza, na ufanye ninavyosema.

Gaston asiende kaburini. Si kwa sababu ya Purcell. Purcell ni mwoga aliyepata sharti zuri la kujifichia, na watoto anaowaogopa wameshazika paka na bibi zao wengi tu. Asiende kwa sababu bukini akisimama pale hakuna atakayelitazama jeneza. Mzee yule alifichwa na manyoya maisha yake yote kwa hiari yake, na ilikuwa kazi njema, lakini siku ya kuingia ardhini atazamwe yeye. Hapo Tarja amesema kweli, ingawa aliisema kwa ukali, na ukali ule ni wa mtoto aliyemgawa baba yake na mji mzima bila kuruhusiwa kudai hata shukrani.

Wiki hii, mchana, nenda nyumbani kwa Mama Irja na sura yako uliyopewa na Mungu. Gonga mlango, taja jina lako, na ufunge mdomo kidogo tu, kwa kuwa najua unaogopa na mwenye hofu huongea sana. Hatashangaa. Nitashangaa mimi akishangaa. Mwambie ahadi ya bukini huwezi kuitimiza na kwamba anayekukataza ni Myrtle wa gazetini. Akitaka kutukana anitukane mimi, nimezoea. Kisha umwombe akuruhusu uje kama wewe. Asiposema kitu, akaanza kuweka kahawa, basi amekubali. Nimeishi na Wafini.

Halafu mtafute Tarja kwa simu. Usimwombe msamaha, huna kosa hilo. Mwambie yale masharti ya Gaston baba yake aliyokufundisha, yote, na lile la mwisho ambalo uliona ni uvivu. Yeye hakuwahi kulijua, maana alikuwa amekaa nyumbani amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Mwambie baba yake hakuwa anaukimbia ukumbi wa mahafali kwenda kucheza. Alikuwa anakwenda kuwakalia karibu watu kama mimi. Huenda akakata simu. Ikikatika, usipige tena, atapiga yeye.

Na siku ya mazishi, mchungaji akimaliza, uinue mkono uombe kusema. Ndiyo, wewe, uliyezoea kutosema. Utamtaja Veikko kwa jina na utasema alikuwa Gaston, uwaambie waliosimama pale alivyofanya kazi yake. Siri ya bukini iliwekwa kwa ajili ya watoto wa viti vya mbele. Haikuwekwa kwa ajili ya mjane na kaburi. Ukisikia mtu anavuta pumzi nyuma yako, usigeuke, mwache. Atakuwa ni mmoja wa wale waliowahi kukaliwa karibu, na hajawahi kujua amshukuru nani. Kama Purcell atakufukuza kwa hilo, niandikie, na barua hiyo nitaichapa na jina lake halisi. Msimu ujao urudi barafuni, ukadai njia.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu huu. Katika barua yako umemhurumia mama, umemhurumia binti, umewahurumia watoto wa mabasi, hata Purcell umemtafutia kaudhuru. Mzee yule alikaa nawe misimu miwili kwenye benchi baridi akikufundisha kutembea. Alipokufa, wenzako walikwenda kanisani na wewe ukapelekwa kazini ndani ya nguo zake, ukaambiwa upige ngoma. Nimeisoma barua yako mara kadhaa nikitafuta mahali ambapo mtu yeyote alikushika mkono akakuambia neno, na sikupata. Basi nakuambia mimi, tena mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili.

Pole, mwanangu. Umefiwa.

Shangazi Myrtle